Kitufe Kisicho na Jina

9 Januari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Nitangulize aibu yangu kwanza: ni miaka miwili sijakuandikia. Leo nimekitoa kile kibao cha kutobolea nukta za wasioona ulichonipa nilipokuwa darasa la tatu, nikagundua mkono umesahau nusu ya herufi. Ukikuta nukta imekaa pasipo pake nisamehe, au nigombeze kisha unirekebishe kama zamani.

Huku hatujambo. Mama goti bado linamsumbua, hasa kwenye ngazi, lakini mdomo wake mzima kabisa. Mke wangu amehamishiwa tawi la karibu na nyumbani, tumepumua. Binti yetu meno mawili ya mbele yamemtoka, na sasa akisema "sisi" inatoka kwa mluzi.

Nina mambo mawili. Unajua bado niko Shirika la Utangazaji, kitengo cha kompyuta, kwa mikataba ya mwaka mmoja mmoja. Chini ya jengo letu kuna ghala la kanda za vipindi vya redio vya zamani, na ghala lenyewe linavuja. Wakubwa wameamua kulihama. Mimi nimepewa kazi ya kujenga duka la mtandaoni: kila kanda ina namba na maelezo yake, mtu anaagiza nakala, na kanda iliyoagizwa inasafishwa na kuhifadhiwa. Ambayo haitaagizwa na mtu yeyote hadi tarehe 31 Machi itapakiwa kwenye lori ikatupwe. Uamuzi huo si wangu, lakini ndivyo ulivyo.

Nilipokuwa nikiingiza orodha nilifika namba 2216 nikasimama. Imeandikwa, "Fundi wa redio aeleza namna ya kutunza redio yako. Dakika kumi na moja." Ni mumeo, shangazi. Ni Fundi mwenyewe. Nataka nikuagizie siku ile ile duka likifunguliwa. Niambie ndiyo.

La pili: duka la taasisi ya umma sasa halifunguliwi mpaka watu wenye ulemavu walijaribu na kuthibitisha kwamba wanaweza kulitumia. Kuna kanuni, na kuna fomu. Mlinzi wetu mstaafu, ambaye mikono yake inatetemeka, amekubali kunisaidia. Kwa upande wa asiyeona, ninayemwamini ni wewe.

Mwanao,
Bwana Maswali


28 Januari

Bwana Maswali,

Marahaba. Barua yako imekaa njiani siku kumi na mbili. Nimeisoma mara tatu, moja kwa ajili ya makosa. Yapo tisa. "Mluzi" umeiandika vibaya mno, lakini nilikuelewa.

Nashukuru umetumia nukta na si barua pepe. Barua pepe husomwa kwa sauti na yule mama wa kwenye kompyuta yangu, na jirani yangu mshonaji akiwepo husikia habari zetu zote na kuzitolea maoni. Hii nimeisoma kwa vidole vyangu, peke yangu. Mimi mzima. Dirisha la jikoni limekwama, na seremala ananiahidi kesho tangu Novemba. Mwambie mama yako ashike ukuta anapopanda ngazi, aache kujifanya msichana.

Kuhusu Fundi, nilipofika kwenye ile namba niliiweka barua mezani nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi. Ni miaka saba sasa tangu tumzike. Nyinyi mnaoona mna picha ukutani. Mimi picha yangu ilikuwa sauti yake, na nitakwambia jambo ambalo sijamwambia mtu: imeanza kunitoka. Maneno yake ninayo, matani yake ninayo yote, lakini nikitaka kuyasikia yananijia kwa sauti yangu mwenyewe. Siku aliyohojiwa alirudi nyumbani kichwa kimevimba. Alizungumza dakika kumi na moja kuhusu vumbi na betri na hakunitaja hata mara moja. Nilimnunia siku mbili. Leo ningelisikiliza hilo vumbi kutwa nzima.

Lakini usiniagizie. Nisikilize vizuri. Maisha yangu yote nimenunua vitu kupitia midomo ya watu: huyu anisomee, yule anichagulie, mwingine anihakikishie kwamba rangi ni nzuri. Kitu hiki nataka niingie dukani mwenyewe, nikitafute mwenyewe, nikilipie mwenyewe. Sheria ya nyumba hii unaijua. Hunishiki mkono mpaka nikuombe. Ulikuwa na miaka sita uliponivuta kuvuka barabara bila kuniuliza, nikakurudisha tulikotoka tukaanza upya. Sheria haijabadilika.

Niletee hilo duka nilijaribu. Nilikaa miaka ishirini na sita kwenye ubao wa simu wa hospitali, sitishwi na vitufe.

Shangazi yako


12 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Nimesoma kuhusu Fundi nikashindwa kuendelea na kazi kwa saa nzima. Nilikuwa nadhani sauti ya mtu haipotei. Sheria nimeielewa. Sitaigusa 2216.

Nyumbani wazima. Mama amenunua mkongojo, na anautumia zaidi kuonyeshea vitu kuliko kutembelea. Binti anaota jino moja, jingine linajivuta. Mimi nina mafua yasiyokwisha; chumba chetu cha kazi kiko juu ya ghala na unyevu unapanda.

Duka liko tayari kujaribiwa, anwani nimeituma kwenye simu yako. Mchoraji wetu amelipamba kweli kweli. Kila kitufe amekigeuza kijipicha, hakuna maneno, anasema maneno yanachafua ukurasa. Nilipata wasiwasi kidogo, basi nikazima skrini, nikawasha programu ya kusoma kama yako, nikalipitia lote kwa masikio. Nilifika mwisho bila kukwama.

Mkuu wa kitengo anataka fomu kabla mwezi haujaisha. Mkataba wangu nao unaisha mwezi huu huu, na ameniambia wazi kwamba duka likichelewa haoni sababu ya kuniongezea mwaka. Sikwambii hili ili kukubana. Ningefurahi tu kusikia kutoka kwako kwamba linafanya kazi.

Mwanao


24 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Hayo mafua yatafutie dawa, usingoje yaondoke kwa hiari yao. Na mke wako asichoke kukukumbusha kufungua dirisha la hicho chumba. Seremala amekuja hatimaye. Amelitazama dirisha, akasema ni kazi kubwa, akaondoka. Mshonaji anakusalimu; mwanawe wa kwanza amepata kazi bandarini na sasa kila mtu anayepita hapa anaambiwa, hata anayeuliza njia tu. Nimeanza kusuka kikapu kwa mara ya kwanza tangu nilipostaafu, kimekaa upande. Mwambie mama yako nimefurahi kusikia kuhusu mkongojo, na kwamba nilitegemea ataugeuza silaha.

Duka linafanya kazi. Andika hivyo kwenye fomu yako. Kama kuna mahali nilichelewa ni vidole vyangu, vimestaafu siku niliyostaafu mimi.

Hivi mtu akichelewa kwenye ukurasa wa kulipia, vitu vyake vinaondoka vyenyewe? Nauliza tu.

Hongera, mwanangu. Fundi angejisifia kwa jirani zake wote.

Shangazi yako


10 Machi

Shangazi,

Shikamoo, na asante, asante tena. Mkataba nimepata. Mkuu wa kitengo alisoma jibu lako mbele ya kikao kizima, "Duka linafanya kazi," na mchoraji akapigiwa makofi. Nilitamani ungekuwepo. Mama amepika kama vile nimeoa mara ya pili.

Ulichouliza: ndiyo, mtu akikaa kwenye ukurasa wa kulipia zaidi ya dakika kumi bila kuthibitisha, kikapu chake kinajimwaga. Ni kwa usalama. Lakini usijali, onyo linatokea mapema, kwa rangi nyekundu kabisa.

Duka lina shughuli kuliko tulivyotarajia. Watu wanaagiza nyimbo, taarifa za mechi, hotuba za wazee waliokwishafariki. Je, ya Fundi umeshaagiza? Zimebaki wiki tatu. Ningeweza kutazama kwenye orodha lakini nimejizuia, ni kikapu chako.

Mwanao


26 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mashine yangu ya nukta imeingia kutu kwenye kitufe cha nne, kwa hiyo barua hii ni fupi. Dirisha bado. Kikapu nimekifumua nikaanza upya. Mama yako alinipigia tukacheka sana kuhusu yule binamu yenu aliyenyoa ndevu akakataliwa na mbwa wake mwenyewe.

Ameniambia pia mafua yako yamekwisha, nimefurahi.

Shangazi yako


18 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Nyumbani hawajambo, wote wanakusalimu. Leo sina habari nyingine za kutanguliza, na nikizitafuta nitakuwa najificha.

Kanda ya Fundi imetupwa.

Nikueleze kama ilivyokuwa. Ijumaa ya mwisho kabla ya tarehe 31 Machi nilifungua orodha ya maagizo, ingawa nilikwambia sitafungua. Mbele ya 2216 palikuwa patupu. Nilijiambia orodha imechelewa kupokea taarifa. Shangazi, orodha ile niliiandika mimi, haichelewi. Nilijua hivyo wakati nikijiambia vile. Kama ulikuwa hujaagiza baada ya wiki tano, basi ulikuwa umeshindwa, na kama ulishindwa, fomu niliyosaini ilikuwa ya uongo na mkataba wangu umesimama juu yake. Nilifunga ukurasa nikaenda kula.

Barua yako ya tarehe 26 ilifika tarehe 9 Aprili. Nilikuuliza swali moja na hukulijibu. Niliisoma mara mbili nikaitia kwenye droo. Lori lilikuwa bado halijaja. Kutoka mezani kwangu hadi ghalani ni ngazi mbili, na mtunza ghala ni rafiki yangu, angeniachia kanda moja bila hata kuuliza. Nilisema nitateremka kesho. Lori lilikuja tarehe 12. Mimi niliteremka tarehe 15. Mtunza ghala alinionyesha rafu, akaniambia masanduku ya namba za elfu mbili mia mbili yalitoka ya kwanza kwa sababu yalikuwa karibu na mlango.

Baada ya hapo ndipo nilipotafuta kwenye kumbukumbu za duka. Kuna kikapu kimoja, chenye kitu kimoja, 2216, kilichojazwa mara kumi na tisa na kumwagika mara kumi na tisa. Cha kwanza tarehe 14 Februari. Cha mwisho tarehe 31 Machi, saa kumi na moja jioni. Nimekaa na namba hizo mwezi mzima bila kukuandikia, na hilo nalo ni langu.

Nimeelewa pia jinsi nilivyolijaribu duka. Nilizima skrini, ndiyo, lakini ukurasa ule niliujenga mwenyewe, nilijua kila kitufe kipo wapi, na kwamba cha mwisho kinabonyezwa mara mbili, kabla ya kukisikia. Sikuwa nasikiliza. Nilikuwa nakumbuka.

Kwa nini hukuniambia? Siulizi ili kukulaumu.

Mwanao


6 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Nilijua kabla hujaniandikia. Nilihesabu siku, nikajua.

Umeuliza kwa nini. Siku ya kwanza tu niliingia dukani kwako nikaipata kanda yake ndani ya dakika mbili. Nilifurahi, nikamwita mshonaji aje ashuhudie. Nikafika pa kulipia. Yule mama akasoma, "Kitufe. Kitufe. Kitufe. Kitufe." Vinne, hakuna chenye jina. Nikabonyeza cha kwanza, kikanirudisha mwanzo. Cha pili kikamwaga kila kitu. Cha tatu kikafungua kitu kingine na sikujua nimefika wapi, na nilipokuwa natafuta njia ya kurudi, dakika zako kumi zikaisha. Cha nne nilikifikia siku zilizofuata, nikakibonyeza mara moja moja, nacho hakikujibu kitu. Hilo onyo jekundu sikulisikia likisomwa hata siku moja. Nilimwambia mshonaji kompyuta imechoka, akaenda zake.

Halafu barua yako ikafika, ile ya mkataba. Ulisema hunibani. Nimekulea likizo zote za utoto wako, najua unavyoomba kitu huku ukisema huombi. Nikafikiri, nikisema ukweli mtoto atakosa kazi, na mimi nikiongeza bidii nitakipata hicho kitufe. Basi nikakwambia linafanya kazi. Nikishasema hivyo, ningekuombaje msaada? Ningekiri kwamba nimekudanganya, na kwamba opereta wa miaka ishirini na sita ameshindwa na vitufe vinne. Kiburi changu unakijua, kina miguu mirefu kuliko mimi.

Siku ile ya mwisho nilikupigia. Unakumbuka? Saa kumi na moja na robo. Ulipokea, ukasema, "Shangazi, kuna nini?" Nikakuuliza kuhusu mafua yako, ingawa nilijua yamekwisha. Ukasema yalikwisha wiki mbili zilizopita. Nikasema vizuri, nikakata. Mshonaji alikuwa amesafiri. Nilikaa pale na simu mkononi hadi yule mama wa kwenye kompyuta aliponitangazia saa sita kamili za usiku.

Nimekukasirikia, sitaficha. Ulikuwa ngazi mbili tu. Sheria ya kutonishika mkono niliiweka ili usinidharau, sikuiweka ili uniangalie nikianguka. Nimejikasirikia mimi zaidi, kwa sababu mimi ndiye niliyeiweka na ni mimi ninayejua namna ya kuivunja, neno moja tu, na sikulisema.

Sauti yake nimeitafuta tena jana. Kikohozi chake bado ninacho. Maneno hayapo.

Usiniandikie kuomba radhi tena, barua moja inatosha. Hilo duka lirekebishe. Na mtu anapokujaribia, usimwambie unachotaka kusikia. Kaa pembeni ufunge mdomo.

Shangazi yako


21 Agosti

Shangazi,

Shikamoo. Mama anatembea vizuri sasa na mkongojo ameuficha ili tusimkumbushe. Binti ameanza kujua kusoma na jana alinisomea bango la dawa ya meno barabarani lote, bila mluzi.

Nilikwenda kwa mkuu wa kitengo nikamwambia ile fomu haikuwa ya kweli. Hakupiga kelele. Aliniuliza kwa nini namletea sasa, wakati hakuna aliyelalamika. Nikamwambia, "Aliyetakiwa kulalamika ni shangazi yangu, na alinionea huruma." Akaniagiza niandike maelezo kwa mkono. Nimebaki hadi mkataba uishe, baada ya hapo sijui. Duka lilifungwa wiki sita.

Nilimrudia mlinzi mstaafu pia. Naye aliniandikia Februari kwamba amefanikiwa. Nilipomuuliza upya, safari hii nikiwa nimekaa naye, aliangalia chini akasema aliyebonyeza ni mwanawe, kwa sababu vitufe ni vidogo na mikono inaruka, na alinihurumia mimi kijana mwenye familia. Kumbe nilihurumiwa na kila mtu.

Sasa kila kitufe kina jina, ni kikubwa, na kinabonyezwa mara moja tu. Kikapu hakijimwagi, kinasubiri. Onyo linasomwa. Nimekaa pembeni ya watu saba wakilijaribu, nimefunga mdomo, na kuna siku nilitoka nje kwa sababu nilishindwa kuvumilia kuona jinsi wanavyohangaika. Lilifunguliwa tena jana. Likikufaa, lijaribu. Usipotaka, nitaelewa.

Mwanao


9 Septemba

Bwana Maswali,

Marahaba. Makosa safari hii ni mawili tu, yote kwenye neno "maelezo". Mshikishe mama yako huo mkongojo aliouficha, uko nyuma ya kabati, ameniambia mwenyewe. Na usihangaike mno kuhusu mkataba, hangaika kiasi. Ulichofanya ofisini kwa mkuu wako nimekisikia, na nimefurahi, ingawa furaha yenyewe imechelewa kwa sote wawili.

Dirisha limefunguka. Seremala hakuhusika, nililigonga mwenyewe kwa mchi.

Jana asubuhi nimelijaribu duka lako. Sikumwita mtu. Niliagiza kipindi cha kilimo cha vitunguu kwa sababu kilikuwa cha kwanza kwenye orodha, na mimi vitunguu sina haja navyo. Nilifika pa kulipia. Yule mama akasoma, "Rudi nyuma. Ondoa. Badilisha. Thibitisha." Kila kimoja kwa jina lake. Nikakaa kwa makusudi dakika ishirini bila kugusa kitu, kikapu kikaningoja. Nikathibitisha, nikapewa namba ya agizo langu. Nilinunua mwenyewe, mwanangu, kwa mara ya kwanza nikiwa na miaka sitini na nane, na nililia.

Kwa hiyo andika kwenye fomu yako kwamba linafanya kazi. Safari hii ni kweli.

Kabla ya kutoka nilirudi kwenye pa kutafutia nikaandika 2216. Nilijua, lakini niliandika. Yule mama akanisomea vizuri kabisa, bila kuruka neno, "Hakuna kilichopatikana."

Shangazi yako